Kengele Ikilia, Somo Huenda Wapi?

Mpenzi msomaji, ninakuandikia kutoka hapa Section 58, Nakuru. Natumai makala haya yamekukuta ukiwa na daftari karibu, maana leo nataka tuzungumze juu ya daftari lenyewe. Hasa lile la historia.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nikiwa Kidato cha Tatu, daftari langu la historia lilikuwa miongoni mwa yale yanayosifiwa darasani. Vichwa vya mada nilivipigia mstari kwa kalamu nyekundu, tarehe niliziandika kwa kijani, na hakuna somo hata moja ambalo sikunakili. Wenzangu waliotumwa nyumbani kwa sababu ya karo, wakirudi, waliazima daftari langu kwanza. Basi ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Swali moja lilikuwa rahisi kama kunywa maji: eleza sababu sita zilizowafanya Waingereza wajenge Reli ya Uganda. Alama 12.

Jameni! Ule ukurasa niliuona machoni. Niliiona mistari nyekundu, nikaliona hata doa la chai pale pembeni. Lakini zile sababu zenyewe hazikuja ng'o. Niliandika mbili, nikairudia ya kwanza kwa maneno mengine, kisha nikabaki nikitafuna kalamu. Nilipata alama 4.

Mwalimu wetu hakunigombeza. Aliliomba daftari langu, akalipekua polepole, halafu akasema, "Hili daftari lingefanya mtihani, lingepata A. Sasa wewe je?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini moyoni swali lile lilinichoma. Kama nilikuwa darasani, nikasikiliza, nikaandika kila kitu, lile somo lilienda wapi?

Makala haya ni jibu nililolipata. Nimelipata kwa kuwasumbua walimu, kwa kusoma vitabu kidogo, na kwa kujaribu mwenyewe. Huenda likamsaidia yule ambaye sasa hivi anapaka daftari lake rangi.

DAKIKA AROBAINI

Kipindi cha historia ni dakika 40. Tuseme ukweli jinsi kinavyokwenda. Mwalimu akiingia, dakika tano za kwanza huuliza maswali ya somo lililopita. Hapo ndipo macho yote hutazama chini, utadhani kila mtu amedondosha sarafu. Kisha anaeleza mada ya siku, anachora ramani ubaoni, anasimulia kisa kimoja cha kutuchekesha, halafu anatupa noti. Tunaandika mpaka vidole vinauma. Kengele inalia. Mwalimu anataja zoezi la jioni akiwa tayari mlangoni, na nusu ya darasa haimsikii.

Baada ya hapo kuna hesabu, kuna kemia, kuna Kiswahili, kuna chakula cha mchana cha maharagwe. Ukifika wakati wa kazi ya jioni, historia ya asubuhi imefunikwa na mambo mengine tele. Na hiyo kazi yenyewe tunaifanyaje? Wengi wetu tunafungua kitabu cha kiada, tunatafuta aya inayofanana na swali, tunainakili kama ilivyo, basi. Wengine hawafungui hata kitabu. Wananakili kwa jirani, pamoja na makosa yake! Mwalimu akipitisha kalamu nyekundu na kuandika "imeonwa", tunaridhika kwamba tumesoma.

Lakini mtihani hauulizi kama kazi yako imeonwa. Katika KCSE, Historia na Serikali ina karatasi mbili. Ya kwanza inahusu Kenya, ya pili inahusu Afrika na dunia, na kila moja ni saa mbili na nusu. Sehemu ya A ina maswali mafupi ya alama 25 na lazima uyajibu yote. Sehemu ya B ina alama 45 na ya C ina alama 30, nazo ni maswali marefu, kila moja alama 15. Pale hakuna daftari, hakuna jirani. Kuna wewe na kichwa chako. Wadogo zetu wa mtaala mpya watapimwa kwa namna nyingine, lakini kichwa cha binadamu ni kile kile.

SAIKOLOJIA INASEMAJE?

Hapo ndipo mwalimu wetu wa ushauri na nasaha alipoliingiza neno saikolojia. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria wagonjwa wa akili. La hasha! Saikolojia ni taaluma inayochunguza akili na mienendo ya binadamu: jinsi tunavyojifunza, tunavyokumbuka, tunavyosahau, tunavyoogopa, tunavyotamani. Marekani shule nyingi za upili huifundisha kama somo la kuchagua, na tangu mwaka 1992 kuna mtihani wake wa hiari kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda chuo kikuu. Kwetu haimo katika masomo ya KCSE. Wanaoisoma ni walimu wetu, wanapopata mafunzo ya ualimu katika vyuo kama Egerton pale Njoro. Kwa hivyo mwalimu anapokuuliza swali la ghafla asubuhi, usidhani anakuonea. Pengine anatumia kile alichofundishwa.

Mtu wa kwanza kupima usahaulifu kwa hesabu alikuwa Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1885, mwaka ule ule ambao mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika ulimalizika. Jamaa huyu hakuwa na maabara kubwa wala wanafunzi wa kuwapima. Alijipima mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazikariri mpaka aweze kuzitaja zote bila kukosea. Kisha alisubiri. Baadaye alizikariri upya na kuangalia ameokoa kiasi gani cha muda, ukilinganisha na mara ya kwanza.

Matokeo yalikuwa hivi. Baada ya kama dakika 20, aliokoa asilimia 58. Naam, hamsini na nane, kama jina la mtaa wetu! Baada ya saa moja, asilimia 44. Baada ya siku moja, kama asilimia 34. Baada ya mwezi mzima, asilimia 21.

Hebu zitazame hizo hesabu vizuri. Jambo la kwanza ni kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kabisa, halafu mwendo unapungua. Kati ya dakika ya 20 na siku ya kwanza alipoteza zaidi kuliko kati ya siku ya kwanza na mwezi mzima. Maana yake ni kwamba jioni ya siku ile ile ya somo ndio wakati wa kuliokoa. Ukingoja Jumamosi, umechelewa. Jambo la pili linatia moyo: hata baada ya mwezi, kujifunza upya kulimchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kilichoingia hakijatoka chote. Ni kweli kwamba yeye alikariri silabi tupu, na somo la historia lina maana na visa, kwa hivyo linakaa zaidi. Lakini mteremko ni ule ule, na sisi sote tunauteremka.

KUSOMA TENA AU KUJIULIZA?

Sasa utasema, "Basi nitasoma noti zangu kila jioni, mara tatu tatu." Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe hapo ndipo penye mtego.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa saikolojia, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Kifungu kimoja walikisoma kisha wakakirudia kukisoma. Kingine walikisoma mara moja, wakakiweka kando, wakaandika kila walichokikumbuka bila kuchungulia. Walipopimwa baada ya dakika tano, kile kilichosomwa tena kilishinda: walikumbuka asilimia 81 dhidi ya 75. Hapo msomaji wa kukariri anacheka. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka. Kilichosomwa tena kilibaki asilimia 42, na kile walichojiuliza wenyewe kilibaki asilimia 56.

Hilo ndilo jibu la swali langu. Nilipokuwa nikisoma noti zangu tena na tena, nilizizoea. Ukurasa niliutambua kama unavyoutambua uso wa mtu unayekutana naye kila siku kwenye matatu. Lakini je, jina lake unalijua? Kutambua ni kitu kimoja, na kukumbuka ni kingine. Mtihani hauniletei ukurasa nikautambua. Unaniambia niutoe kichwani. Na kazi ya kutoa kichwani nilikuwa sijaifanya hata siku moja kabla ya siku ya mtihani.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kazi ya jioni ya historia ina shughuli moja kubwa: kulitoa tena somo lililoingia asubuhi. Kazi ya kunakili hailitoi somo. Inalihamisha tu kutoka kitabu hadi daftari, nawe umekaa katikati kama bomba ambalo maji yanapita tu.

NAMNA YA KUIFANYA

Hizi ndizo hatua ninazozifuata sasa. Si ngumu, wala hazihitaji pesa.

Kwanza, jioni ile ile, kabla ya kufungua daftari, chukua karatasi tupu. Andika mada juu, kisha andika kila unachokumbuka. Mara ya kwanza utaona haya, maana utaandika mistari minne. Usijali. Ile taabu ya kutafuta kichwani ndiyo inayofanya kazi.

Pili, fungua daftari ulinganishe. Ulichokisahau kiandike kwa kalamu ya rangi nyingine. Sasa rangi zina maana! Zamani nilipaka rangi kile kilichonipendeza, siku hizi napaka kile kilichonitoroka.

Tatu, zipange hoja kwa mafungu. Orodha ya mambo sita yasiyohusiana ni mzigo wa kuni usiofungwa kamba. Chukua hizo sababu za reli zilizonishinda. Ziweke mafungu mawili. Fungu la utawala: Waingereza walitaka kuishika Uganda na chanzo cha Mto Nile; walitaka njia ya kupeleka askari na maofisa haraka; walitaka kuzuia mataifa mengine ya Ulaya yasiwatangulie. Fungu la uchumi na jamii: walitaka kusafirisha bidhaa kwa gharama ndogo, walitaka kufungua bara kwa kilimo na masoko, na walidai kwamba reli itasaidia kukomesha biashara ya watumwa. Zimetimia sita. Ukilikumbuka fungu, vilivyomo ndani vinafuata.

Nne, itundike hoja mahali unapopajua. Hapa Nakuru tuna bahati. Reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901. Ukiulizwa athari zake, tembea mjini kwa mawazo. Anzia kituo cha gari la moshi: mji wetu ulikua kandokando yake, ukatangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hati ya jiji. Fika kwenye mzunguko wa KFA: hicho kilikuwa chama cha wakulima, nacho kilikuwa na makao yake makuu hapa, kwa sababu walowezi walihitaji mahali pa kuuzia nafaka na kupakilia mizigo. Tazama upande wa Njoro, ambako Lord Delamere alipewa ekari 100,000 mwaka 1903. Halafu jiulize: ardhi hiyo ilitoka kwa nani? Hapo umeshafika kwenye athari za kupokonywa ardhi, kodi na kazi ya kulazimishwa. Matembezi ya nusu saa yamekupa insha nzima.

Na si reli peke yake. Kilima cha Hyrax Hill, kilichopewa jina la wale pelele wanaoota jua mawenim, kipo hapo kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alifukua pale mwaka 1937 na 1938. Kuna makaburi ya watu wa kale, kuna mashimo yanayoitwa ya Wasirikwa, na kuna bao zilizochongwa katika mwamba wenyewe. Aliyeziona bao zile kwa macho yake hahitaji kukariri kwamba watu waliishi hapa kabla ya reli.

Tano, rudia kwa kuachanisha. Jioni ile ile, kisha baada ya siku mbili tatu, kisha baada ya wiki, kisha kabla ya mtihani. Dakika kumi kumi zinatosha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ukikimwaga kibaba chote usiku mmoja kabla ya mtihani, kinafurika na kumwagika. Kukremu usiku kucha kunakupa kitu cha kuandika kesho asubuhi. Kesho kutwa hukioni tena.

Sita, na hili nalisema kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili: mweleze mtu kwa Kiswahili. Historia tunafundishwa kwa Kiingereza, na noti ni za Kiingereza. Ni rahisi kukariri sentensi ya kitabu bila kujua inasema nini. Lakini jaribu kumweleza mdogo wako jikoni, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini skwota alifanya kazi siku 180 kwa mwaka katika shamba la mlowezi kulingana na sheria ya mwaka 1918. Neno la kitabu halitakusaidia pale. Kama umeelewa, utaeleza. Kama hujaelewa, mdogo wako atakuuliza "kwa nini?" mara mbili tu na utakwama. Mimi nilikwama kwenye "kwa nini asihame?" Ilinibidi nirudi kitabuni.

KAZI YA KUULIZA WAZEE

Kuna kazi nyingine ya jioni ambayo haimo vitabuni kabisa. Muhula wa pili mwalimu alituambia, "Kila mmoja aulize nyumbani: familia yenu ilifikaje Nakuru? Andikeni ukurasa mmoja. Mseme nani aliwaambia, na yeye alijuaje." Masimulizi ni mojawapo ya vyanzo vya historia, tulijifunza hivyo tangu Kidato cha Kwanza. Lakini kujifunza ni tofauti na kufanya.

Nilimwendea nyanya yangu. "Nyanya, mwalimu amenituma."

"Amekutuma nini, mjukuu wangu?"

"Nikuulize tulifikaje hapa."

Alicheka. Akaniambia baba yake alikuja kwa gari la moshi, akashukia Nakuru, akapata kazi ya skwota upande wa Njoro, na huko ndiko nyanya alikozaliwa. Alikumbuka kikopo cha chuma ambacho babake alikihifadhi sandukuni hata baada ya kuacha kukivaa shingoni, kile cha kuwekea kipande. Niliandika kwa furaha. Jumapili akaja mdogo wake, babu yangu mwingine, nikamwuliza yeye pia. "Gari la moshi?" akasema. "Nauli angeitoa wapi? Baba alikuja kwa miguu, na mbuzi zake."

Hapo sasa! Wote ni watoto wa mtu mmoja, wote ni wakweli, na kila mmoja anaapa. Nilimpelekea mwalimu nikidhani kazi yangu imeharibika. Akaniambia imeanza kuwa historia.

Akatueleza habari za Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, Uingereza. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1932, Bartlett alieleza jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya wenyeji asilia wa Marekani, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Kila waliporudia, hadithi ilipungua na kubadilika. Mitumbwi iligeuka mashua, na kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Hawakuwa waongo. Akili ya binadamu haihifadhi jambo kama picha ndani ya sanduku. Kila tunapokumbuka tunalijenga upya, na tunajenga kwa vifaa tulivyo navyo.

Kwa hivyo mwanahistoria anauliza: Huyu anayesema alikuwepo? Aliambiwa lini? Kuna kitu kinachoshikika, kama kile kikopo? Kuna mwingine anayesema vingine? Inawezekana babake nyanya alitembea sehemu moja ya safari na kupanda gari la moshi sehemu nyingine. Inawezekana nyanya alisikia safari tofauti. Niliandika yote mawili, nikaweka majina ya waliosema, na sikuchagua. Kazi hiyo ilinifundisha kuhusu ushahidi kuliko noti zote za mwaka ule.

Lakini kuna sehemu sikuimaliza. Ukurasa wangu ulifika karibu na wakati wetu, nikamwuliza nyanya kuhusu mwanzo wa mwaka 2008. Mimi nilizaliwa mwaka huo. Vitabuni nimesoma kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka, kwamba Nakuru iliingia katika vurugu mwishoni mwa Januari, kwamba Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na kwamba mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Hayo ninaweza kuyatoa kichwani bila daftari. Nyanya aliweka chini sufuria aliyokuwa akiiosha. "Mama yako alikuwa na mimba yako," akasema. Halafu akanyamaza. Baadaye akasema, "Hilo tutaliongea siku nyingine."

Niliacha nafasi tupu katika ukurasa. Niliogopa kwamba mwalimu atanikata alama. Hakukata. Kando ya ile nafasi aliandika neno moja: "Subiri." Na tulipozisoma kazi zetu darasani, niliona sikuwa peke yangu. Darasa letu lina watoto wa jamii nyingi, kama mji wenyewe. Kurasa nyingi zilikuwa na pengo mahali pale pale. Mwalimu alisema hakuna zoezi linalompa mwanafunzi ruhusa ya kufungua kidonda cha mtu kwa nguvu. Akasema pia kwamba anayetaka kuzungumza, mlango wa ushauri na nasaha uko wazi. Kisha tukazisoma zile sehemu nyingine: nani alikuja kwa miguu, nani kwa gari la moshi, nani kwa lori baada ya 1963 kutafuta shamba au kazi. Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, ambaye familia yake inatoka upande mwingine kabisa wa nchi, alikuwa na babu aliyevaa kikopo kama kile kile. Tumekaa pamoja miaka miwili na hatukujua.

TAMATI

Najua utaniambia: nyumbani kuna kazi, umeme unapotea, kuna wadogo wa kulishwa, kuna simu. Yote ni kweli. Lakini kujiuliza hakuhitaji taa. Unaweza kujiuliza ukichota maji, ukimenya viazi, ukitembea kurudi nyumbani. Chukua kipindi kimoja tu cha leo, usifungue daftari, ujiulize: tulijifunza nini? Fanya hivyo mwezi mmoja, uone.

Lile swali la reli lilirudi katika mtihani wa mwisho wa mwaka. Safari hii niliandika sababu zote sita, nikapata alama 11 kati ya 12. Ile moja ilipotea kwa sababu ya haraka. Daftari langu siku hizi si zuri kama zamani, limejaa mafuto na mishale, na hakuna anayeliazima. Ile nafasi tupu bado ipo pale. Juma lililopita nyanya aliniuliza kama bado ninalo lile daftari. Nikamwambia ninalo. "Lihifadhi," akasema.

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nami naongeza kwamba nywele zisipochanwa kila siku hufungana. Zichane zako leo jioni. Kwaheri kwa sasa, na Mungu akijalia tukutane katika toleo lijalo.